Napima huduma walituletea kijijini nyuma ya vita: mbegu, muganga na shule

Hapa Goma tunapima kila kitu, restora, hoteli za pembeni ya ziwa, megabaiti za simu, ata mtu wa kunyoa nywele tunamupima. Leo mi nataka kupima kitu yenye sijaona mtu anapima: ile misaada yenye ilifika kwetu kijijini nyuma ya waasi wa M23 kutoka mwaka 2013. Ile nayo ni huduma. Kuko wenye wanaitoa, kuko wenye wanaipokea, na mwenye anaipokea haulizwi kama ilimufaa ama hapana, anaulizwa tu achovye kidole kwa wino aweke kwa karatasi. Kidole ya mama yangu iko kwa makaratasi mingi sana ofisini huku mjini, maoni yake haiko ata kwa moja. Basi naweka mimi. (Nilipashwa kuandika hii mwezi wa kwanza 2015 lakini munajua vile intaneti ilikatwa, tukabaki tunaangaliana.)

Kwanza mujue naongea nikiwa nani. Niko na restora ndogo mtaa wa Birere hapa Goma, meza tano, bugali, sombe, sambaza, maharagi, na mashu (kabeji) kila siku. Mashu yenye munakula hapa mjini nyingi inashuka na chukudu (ile kinga ya mbao ya kusukuma) toka Kibumba, barabara ya Rutshuru, kilometa kama 25, na birayi (viazi ulaya), karoti na puaro vilevile. Kwetu ni upande ule. Jina ya kijiji siweki juu wenye nitasema nawajua na mama anaishi nao. Kwa hiyo mi niko mteja mara mbili: misaada ikienda vizuri mama anakula, na miye napata mashu ya bei.

Wale M23 walipita kwetu mwezi wa 11 mwaka 2012 wakishuka kuchukua Goma. Tarehe 20 wakaingia mjini, tarehe 1 ya mwezi wa 12 wakatoka, sisi wa mjini tukapumua tukafungua maduka. Lakini kule juu walibaki! Mpaka mwisho wa mwezi wa 10 mwaka 2013 njo jeshi iliwasukuma, na tarehe 5 ya mwezi wa 11 vilima vya mwisho, Chanzu na Runyonyi, vikaanguka. Mama alikuwa ameshalala kwa kambi ya Kanyaruchinya chini ya shitingi, Kanyaruchinya ikakimbia yote siku wale wanashuka, akaenda kambi ya Mugunga. Alirudi nyumbani mwezi wa 12 mwaka 2013 na sufuria mbili na mjukuu mgongoni.

Sasa sikieni hii juu njo msingi wa mapimo yangu yote. Watu wa ofisi wanahesabu vita kwa miezi, wanasema occupation, kukaliwa na waasi, ilifanya mwaka moja kasoro. Mwenye jembe hahesabu vile. Kwetu kuko saizoni A, unapanda katikati ya mwezi wa 9 unavuna kuelekea Noeli na mwezi wa kwanza, na kuko saizoni B, unapanda mwezi wa 2 mpaka wa 3 unavuna mwezi wa 6 ama wa 7. Mama alipoteza B ya 2013, akapoteza A ya 2013, na alirudi karibu na B ya 2014 bila ata mbegu moja juu mbegu za nyumbani ziliisha kuliwa na wenye bunduki. Kwa hiyo mtu mwenye anarudi mwezi wa 12, mbegu inapashwa kumufikia mwezi wa 2. Ikifika mwezi wa 3 mwanzoni bado utabahatisha. Zilifika mwezi wa 4, tarehe za mwisho.

Mwezi wa 4! Mvua iko inaelekea kuisha, lori inafika na bendera, watu wanapiga makofi, picha, kidole kwa wino. Mi nilikuwepo siku ile, nilipanda kutafuta birayi. Kila nyumba ilipata kilo kumi za maharagi na majembe mawili. Maharagi ilikuwa ya aina ya chini, ile fupi. Kwetu tunalima maharagi yenye inakwea kwa miti, juu mashamba ni kidogo na watu ni wengi, kipande kile kile ile yenye inakwea inakupa zaidi mbali sana kuliko ya chini, kila mtoto wa kule anajua hiyo, ilitosha kuuliza mtoto. Majembe nayo yalikuja vichwa tu, bila mipini. Mpini unatoka wapi? Msitu wenye uko karibu ni wa parke ya Virunga, ukikamatwa na gadi mule unalipa ama unalala ndani. Mzee moja alisema kwa sauti, "Wametuletea kijiko bila mkono na chakula yenye haipikwi."

Haipikwi juu mbegu zilikuwa zimepakwa dawa, rangi nyekundu, ile ya kuzuia wadudu na ukungu. Ni vizuri kwa mbegu. Lakini unamupatia mtu mwenye njaa kilo kumi za maharagi na hakuna kikombe ya unga pembeni, unafikiri atafanya nini na zile maharagi? Wengine waliosha mara tatu wakapika. Jirani ya mama alitapika siku mbili. Nyuma wakaja watu kufanya semina ya kusema mbegu haikuliwe. Ndiyo, mbegu haikuliwe, kila mtu anajua, bibi yangu alikuwa anajua bila semina! Mwenye kutoa mbegu kipindi cha njaa anatoa na chakula siku ile ile, ili ile chakula ichunge mbegu. Si siri ya mtu, ata agronomu wa kule alikuwa anasema vile na uchungu.

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya majembe, juu chuma ilikuwa nzuri, mama bado anayo.

Kwa hiyo mavuno ya mwezi wa 6 haikukuwa. Nasema hii polepole juu inaungana na yenye inafuata: mwezi wa 6 mtoto wa dada yangu, miaka miwili, miguu ikaanza kuvimba, nywele zikageuka rangi ya mahindi. Bwaki. Wenye si wa Kivu, bwaki njo vile tunaita ule ugonjwa wa mtoto mwenye anashiba bugali na viazi lakini hapati maharagi, samaki, maziwa. Watu wa mjini wakiona vile mtoto amejaa wanasema ananenepa.

Hapa napima kituo cha afya, na hapa nitasifu. Hiki kituo kilibaki kuta. Magodoro yalienda, frigo ya chanjo ilienda, darubini, solari, milango miwili, mpaka vitabu vya kuandikia wagonjwa vilichomwa. Kitu moja tu ilibaki, kitanda ya chuma ya kuzalia, juu haikupita kwa mlango! Walipokirudisha walifanya kwa mpango wenye nilikubali: maji kwanza. Kwetu hakuna chemchemi, ni mawe ya volkano, mvua ikinyesha inazama yote. Wenye wanakumbuka 1994, ile kambi ya wakimbizi ya Kibumba maji ilikuwa inaletwa na malori. Basi waliweka mabati mapya na tanki ya mvua, kisha frigo ya solari juu chanjo inapashwa kukaa kati ya digri 2 na 8, njo wakaleta dawa. Chanjo zilianza tena na bamama walikuja wengi mpaka foleni ilifika barabarani.

Titileri wa pale, yaani muuguzi mkubwa wa kituo, mtu mzima, sijui analala saa ngapi. Dada alifika na mtoto, wakamuvalisha ile kamba ya rangi kwa mkono. Ile kamba munaijua, kijani mtoto iko sawa, manjano anaelekea vibaya, nyekundu, chini ya milimita 115, ni hatari. Yake ikasema manjano. Dada akafurahi akaanza kufunga mtoto mgongoni arudi. Titileri akasema ngoja mama, akashika miguu yote miwili, akafinya na kidole gumba, akahesabu, akaachia. Shimo zikabaki, pande zote mbili. Akamwambia, "Kamba inapima nyama na maji pamoja, mama, haiwezi kutenga. Mguu ukibaki na shimo hivi, mi siangalie tena rangi, huyu ni mugonjwa mukali." Mi nilikuwa nimekaa pale pale, na mpaka leo mtoto akiletwa kwenye restora nikaona mwili imejaa namna ile, namwambia mama yake tufinye miguu kwanza.

Wakamupa Plumpy'Nut, plampi vile tunaita, pale pale mbele yao, kuona kama anakula. Kumbe ni mtihani: akikula mwenyewe anatunzwa akiwa nyumbani, akikataa, ama akiwa amevimba mpaka uso, anatumwa hospitali kubwa kwa ajili ya ile maziwa ya dawa na kuchungwa mchana na usiku. Alilamba nusu nzima ya paketi, tukapumua. Ile paketi ni gramu 92, kalori 500, karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini, na haitaki maji ata tone, kitu ya maana sana mahali kama kwetu, juu unga wa kukoroga na maji chafu unaponya upande huu unaleta kuhara upande huu. Walimupa na antibiotiki, wakamwambia dada kila Jumatano arudi.

Jumatano ya kwanza, mtoto amepungua kilo! Bibi yake akanipigia simu na kelele, munaua mtoto na karanga ya bazungu. Titileri alieleza tena, na uvumilivu mi singekuwa nayo: ni maji ya miguu yanatoka, akiisha kukauka njo ataanza kupanda. Na njo ilikuwa. Jumatano ya tatu alianza kupanda, ya saba wakamutoa kwa kitabu, alitembea mwenyewe kutoka mlangoni akitukana kuku.

Nyota nne. Nyota ya tano nimeichukua juu ya hivi. Miezi ya mwanzo matunzo ilikuwa bure, mradi ulikuwa unalipa. Siku moja, bila tangazo kanisani, bila kuita wazee, karatasi ikabandikwa mlangoni kwamba kuanzia leo kila mtu analipa. Mradi uliisha, ndiyo, kila mradi unaisha, lakini ule tarehe ya kuisha ofisini ilijulikana toka siku ya kwanza! Niliona mama moja amepanda masaa mbili na mtoto wa homa, akasoma, akageuka. Titileri alimuita akamutunza kwa deni, na deni ile najua aliilipa mwenyewe. Kosa si ya kituo, ni ya wenye kulipa wa nyuma yake. Na plampi kuuzwa kwa soko hapa mjini, tusidanganyane, tunaiona wote kwa meza pembeni ya biskuti. Wengine ni wezi, wengine ni mama mwenye ametolewa kijijini na watoto wanne na mmoja tu njo mgonjwa, anauza mbili anunue unga wa wote. Mi siwezi kumuhukumu, ila siuzi ata paketi moja kwangu.

Kisha kutolewa kwa kitabu dada aliniuliza swali yenye hakuna karatasi iliuliza: sasa anakula nini? Shamba haina kitu. Tukaanza kutuma masoso kutoka huku, ule unga wa muhindi, soya na sorgo, kilo mbili kila juma kwa mtu wa chukudu mwenye anapanda bila mzigo. Wa chukudu hakuomba ata franka mia. Nyota tano kwake.

Shule sasa, nitapita haraka juu inanikasirisha. Madarasa yalikuwa kambi ya wapiganaji, mabanki (viti vya wanafunzi) yalipikiwa maharagi, yaani yaliwashwa moto. Kitu walifanya vizuri: watu wa kutegua mabomu walipita kwanza, wakapima kiwanja na vichaka vya pembeni, wakafundisha watoto wasiguse chuma yenye hawaijui. Nyuma yake kila kitu ilikuja wakati mbaya. Masakosi (mifuko ya shule) na madaftari yaligawiwa mwezi wa 5, mwaka wa shule unaisha mwanzo wa mwezi wa 7, mtoto anaanza daftari mpya na likizo. Walimu wengi hawakukuwa kwa listi ya mshahara ya serikali, kwa hiyo wakati ule wazazi walikuwa wanalipa primu (pesa ya walimu), na mzazi mwenye hakuvuna angelipa na nini? Mtoto alikuwa anafukuzwa. Kisha tulikuwa tunashangaa kwa nini wanakuja siku ya kantini (chakula ya shule) tu.

Kantini ilikuwa nzuri ikikuwepo. Uji asubuhi, na mbaazi ya manjano na mafuta mchana, watoto walijaa mpaka direktere akaanza kugawa darasa zamu mbili. Lakini lori ikikosa juma mbili darasa inakuwa ya kwikwi na miayo. Na mwezi wa 9, mwezi wenye shule inafunguka, njo mwezi wa kupanda, mtoto wa miaka kumi iko shambani na bibi yake, na mi siwezi kumutukana bibi. Wakubwa wenye walipoteza miaka, kijana wa 13 yuko darasa ya tatu magoti yanagonga meza, waliwekewa ile ya rattrapage, miaka sita ya primeri kwa mitatu, na wale wanasoma kwa hasira mpaka inapendeza. Binti ya kaka yangu alikuwa anajitayarisha tenafepi (mtihani wa kumaliza primeri) hapo. Nyota mbili na nusu, na nusu ni ya wale wa rattrapage.

Sasa mbegu mara ya pili, juu nisiposema nitakuwa nimedhulumu watu. Mwezi wa 9 mwaka 2014, tarehe 8, kabla ya mvua kushika, shirika ingine ilifanya soko ya mbegu. Hawakuleta lori ya mbegu, walileta kuponi. Wauzaji wa mbegu wa kule kule wakaweka meza zao kwenye kiwanja, agronomu akapita akakagua, akafukuza mmoja mwenye maharagi yametobolewa, na kila mama akatembea anachagua yake. Mama yangu alifanya nusu saa anagusa birayi moja moja sawa mtu wa kuchagua bibi arusi. Na kwa mlango wa kutoka, siku ile ile, walikuwa wanagawa unga, mafuta na mbaazi. Hakuna mtu alikula mbegu. Hakuna semina.

Kasoro ziko. Wauzaji walipandisha bei siku ile juu wanajua kuponi haifanye kazi kwingine, mi kama mfanyabiashara nawaelewa na nawatukana pamoja. Halafu birayi ni mbegu nzito: hekta moja inataka kama tani mbili, sasa kuponi ya mama ilimupa gunia ya kilo 50, hesabu mwenyewe, ni meta za mraba kama 250, kiwanja cha nyumba ya mtu wa Himbi, mtaa wa hapa mjini. Na maharagi yenye inakwea ilikosa miti juu ile miti yote iliisha kuni wakati wa vita, wakatumia vijiti vya mabua, upepo ukaangusha nusu. Hiyo hakuna mtu ofisini aliwaza. Lakini tarehe walishika! Nyota nne na nusu, na ningeulizwa pesa iende wapi kwanza ningesema ikanunue kalenda, kisha miti.

Kama kwenu pia munarudishwa kijijini, haya yangu: muulize mbegu inafika mwezi gani kabla ya kupiga makofi. Muulize huduma ya bure inaisha tarehe gani, waandike kwa mlango ile siku ya kwanza. Mtoto akivimba musingoje rangi ya kamba. Majembe yakija bila mipini, mukatae picha.

Juma iliyopita mashu ya mama ilifika, ya mbegu ile ya kuponi. Ishirini kwa chukudu, mbili zimeoza pembeni. Nililipa zote ishirini, bei ya soko, si bei ya mtoto wake. Jioni akanipigia simu amekasirika, anasema mama hauzie mtoto, rudisha pesa. Nikamwambia mama, kwa restora naitwa muteja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema basi muteja, mashu inaongezeka bei Jumatatu.